Gari la Mbio Oicha: Liuzwe au Litunzwe?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu anayeishi Oicha, mashariki mwa Kongo, ambaye kazi yake inampeleka Beni na kumrudisha karibu kila siku, afanye nini na gari la mbio lililozeeka? Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200, gia sita za mkono. Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 1998, likashinda tuzo ya gari la mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998–1999, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2005. Nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Hata lililo changa kuliko yote, basi, limeshafikisha miaka 20.

Nimeweka sauti nne. Mwenye gari ni kijana anayenunua kakao. Fundi ana garaje ya wazi kando ya barabara kuu. Mama anauza vipuri Butembo, na njia ya Kampala anaijua kituo kwa kituo. Dereva anaendesha teksi, Probox, kati ya Oicha na Beni. Nitaingilia pale nitakapoona jambo linahitaji kusukumwa mbele, na upande wangu sitauficha.

MWENYE GARI: Kila anayeniona ananiambia, uza hiyo, nunua Probox. Nauliza, gari langu limekosa nini? Asubuhi linawaka. Kwenye kona linatulia, halipepesuki. Nikitoka kupima magunia kutwa nzima, vumbi puani, kelele za bei masikioni, nikishika ile gia yake fupi uchovu unanitoka. Tangu Oktoba 2014 sisi watu wa Beni tunazika. Tumezika wazazi, tumezika wakulima waliokwenda kuvuna kakao yao wenyewe. Nikipata kitu kimoja cha kuniburudisha moyo, mnaniambia ni anasa.

DEREVA: Yaya, burudika. Nakuuliza jambo moja tu: likizimika kati ya Mbau na Oicha saa kumi na moja jioni, utafanya nini? Kampala gari likigoma unapiga simu, unakaa kibandani unakunywa soda. Hapa umekwama ubavuni mwa msitu, wenzako wote wanakupita wanakimbilia nyumbani, na huwezi kuwalaumu. Probox yangu haina sura wala mbio. Lakini kutoka Kasindi hadi Komanda sijaona garaje isiyo na piesi zake.

Dereva amegusa penyewe. Nairobi au Dar es Salaam, ubishi juu ya gari la mbio lililozeeka ni ubishi wa pesa na ladha. Likizimika, mtu anachelewa kazini. Barabara ya Taifa namba 4, inayotoka Beni kupitia Mbau, Oicha na Eringeti hadi Komanda, imeona mashambulizi mengi mno, na kuna vipande vyake ambavyo magari yamelazimika kwenda kwa msafara wa kusindikizwa na wanajeshi. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Kongo na Uganda yanapambana na waasi wa ADF bega kwa bega katika operesheni iitwayo Shujaa, na bado mtu wa Oicha hupanga safari yake kwa kuangalia jua. Katika msafara, gari moja likizimika, ama wote wanasimama mahali pasipofaa kusimama, ama linaachwa na mwenyewe anaomba nafasi kwa mwenzake. Kwa hiyo msingi wa dereva naukubali wote: hapa sifa ya kwanza ya gari ni kutozimika njiani, na mbio inakuja mbali sana nyuma yake.

Ila msingi huo hausemi Altezza iuzwe. Unatutaka tuulize gari huzimishwa na nini, na hilo ni swali la fundi.

FUNDI: Miaka peke yake haizimishi gari. Vinavyozimisha ni vitu vichache, na karibu vyote vinapiga hodi kabla. Chukua mkanda wa ndani, ule unaozungusha kamshafti. Kwenye injini hii, 3S-GE, mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000. Patro huyu aliponiletea gari, saa ya kilomita ilikuwa inasoma tisini na kitu elfu. Nikamwambia, namba hiyo imepita mikono mingapi tangu Japani? Usiisome. Tuhesabu kwamba mkanda umekwisha leo. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na zile za kuingiza hewa kwenye RS200 ya gia za mkono ni za titani. Nikazitafute wapi, Beni? Tukafungua. Nilipoukunja mkanda kinyume, mgongo wake ulijaa nyufa. Tukaweka mpya, pamoja na pampu ya maji na beringi ya kukazia, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

MWENYE GARI: Siku ile nilikasirika. Gari linatembea vizuri, wewe unataka nilipie kitu ambacho hakijaharibika.

FUNDI: Wateja wangu karibu wote wananishinda hapo. Kitu kilichovunjika mtu anakilipia bila neno. Kinachokaribia kuvunjika hataki hata kukisikia. Na huyu wa Probox usimwone anatabasamu, naye ni vilevile.

DEREVA: Yangu inavumilia.

FUNDI: Inavumilia mpaka lini? Wiki iliyopita nimefungua ya mwenzako, termostati haipo. Mtu aliitoa akaitupa, akamwambia mwenye gari, sasa halitachemka tena. Ni mchezo wa garaje nyingi za kwetu, na unaniudhi sana. Termostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Maji yakifika digrii themanini na kitu, nta inavimba, mlango unafunguka, maji yanakwenda kupoa kwenye radieta. Ukiutoa mlango, maji yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake. Kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga esansi ya ziada, na mafuta ya injini yanachafuka kabla ya siku zake. Na kama shida ilikuwa radieta iliyoziba, bado imeziba. Siku ya kupanda Butembo na mzigo, litachemka tu.

Hapo nilimwomba fundi aonyeshe anavyopima, kwa sababu ni jambo ambalo mwenye gari yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Anafunga termostati kwa uzi, anaitumbukiza kwenye sufuria ya maji iliyo juu ya makaa, bila kuiacha iguse chini. Anangoja. Maji yakianza kutoa mapovu madogo na moshi mwepesi, ile sahani ya shaba katikati inaanza kujisukuma taratibu, mpaka unaona nafasi ya upana wa kidole kati yake na ukingo. Akiitoa, inajifunga yenyewe ikipoa. Iliyo mbovu inabaki vile vile hata maji yakichemka kwa nguvu. Kipimo hiki kinataka sufuria, makaa na subira. Anayeitupa bila kuipima amemwibia mteja wake maisha ya injini, na nasema hivyo nikijua mafundi watakaosoma hawatafurahi.

DEREVA: Sawa, injini umeitetea. Na lile tumbo? Gari liko chini, halifikishi hata sentimita 15 kutoka ardhini. Mvua ikinyesha, malori yakichimba mitaro yao kwenye udongo mwekundu, litapitaje?

FUNDI: Hapo uko sahihi, na patro anajua tumegombana juu ya tairi. Alikuja na rimu za inchi 17, tairi 215/45. Hesabu mwenyewe: ubavu wa tairi hiyo ni sentimita 9.7. Jiwe moja, rimu imepinda. Nikamwambia, vaa inchi 16, tairi 205/55. Ubavu unafika sentimita 11.3, duara la nje linabaki karibu lile lile, saa ya mwendo haidanganyi. Halafu saizi hiyo inavaliwa na magari mengi, mtumba wake unapatikana. Na ukinunua mtumba, soma ubavuni. Kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hiyo hata ikiwa na meno yote, mpira umekauka, mimi siifungi.

MWENYE GARI: Zile za inchi 17 ndizo zilizokuwa uzuri wake.

FUNDI: Ndiyo. Na ziko salama nyumbani kwako, zimefunikwa.

Mama alikuwa kimya muda wote huu. Kwa jinsi ninavyoliona jambo hili, yeye ndiye mwenye neno zito kuliko wote, maana hata fundi hodari hawezi kufunga kipuri ambacho hakipo.

MAMA: Wanangu, mnazungumza kubadilisha kabla ya kuharibika. Vizuri. Anayetumwa kutafuta ni mimi. Mwanangu, ungeniuliza kabla ya kununua, ningekwambia tafuta ndugu yake, AS200. Ina nguvu farasi 160, hii yako ina 210. Lakini injini yake, 1G-FE ya silinda sita, ndiyo iliyo kwenye Mark II, kwenye Chaser, kwenye Crown. Mark II Kampala nazipata. Hii yako ya silinda nne ilitengenezwa kwa wapenda mbio, na wapenda mbio ni wachache. Nikienda soko la Kisekka kule kule Kampala naanza kuulizia duka kwa duka. Nikikosa, naagiza kwa watu wanaoleta magari nusu, yaliyokatwa katikati, kutoka Japani au kupitia Sharjah. Hapo tunangoja kontena, na mwenye kontena ndiye mwenye bei.

MWENYE GARI: Lakini mpaka sasa hujanikosesha kitu, mama.

MAMA: Mpaka sasa. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imekataa lililofikisha miaka 15. Maana yake Altezza mpya haziingii tena kwao. Zilizopo zinazeeka, zinagongwa, zinakatwakatwa. Leo piesi zipo kwa sababu za wenzako zinakufa. Zikishakwisha kufa, je? Kompyuta, taa, sensa, kioo cha mbele, hivyo ndivyo vitakavyokuliza. Freni, busha na beringi hazinitishi, zitapatikana au zitachongwa.

Nilimuuliza kama basi si busara kijana anunue vipuri vya akiba sasa hivi, avirundike ndani. Alinijibu kwa namna ambayo sikuitegemea. Chuma na umeme, alisema, weka. Taa weka, kompyuta weka, kioo weka kama una mahali. Mpira usiweke: mikanda, mipira ya maji, busha, sili, vyote vinazeeka rafuni kama vinavyozeeka garini, na yeye amewaona watu wakifunga kwa fahari mkanda uliokaa dukani miaka na miaka, ukawakatikia. Ninaona kuna elimu kubwa hapo kwa kila anayetunza gari la zamani. Gari linazeeka kwa njia mbili, kwa kilomita na kwa kalenda, na linalokaa uwani linazeeka kwa kalenda bila mwenyewe kujua. Maji ya freni, kwa mfano, yanavuta unyevu wa hewa hata gari lisipotembea. Hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa hali ya hewa ya Oicha, mvua na joto la ikweta, sioni sababu ya kungoja zaidi.

Mwenye gari alikuwa na hoja nyingine, na aliileta kwa moto.

MWENYE GARI: Mnasema gari la mbio kana kwamba upande wetu wa Afrika haukuwahi kuyajua. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye udongo kama huu wetu. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, ilishinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Toyota Celica ilishinda mara 8 kati ya 1984 na 1995. Nani alisema magari haya ni ya lami?

Mfano ni mzuri, lakini unamrudia mwenyewe. Celica zile hazikwenda Safari kama zilivyotoka kiwandani. Ziliinuliwa, zikavikwa vyuma vya kukinga tumbo na pua, zikawekewa bomba refu la kuvuta hewa juu ya maji. Na kwenye kila kituo palikuwa na mafundi wanaobadilisha amortiseri na vinginevyo kabla havijakata tamaa, ndicho kile kile ambacho fundi wetu anakililia. Björn Waldegård alishinda Safari mara nne, ya mwisho mwaka 1990 akiwa na miaka 46, na mbio zile za maelfu ya kilomita hazikumpa ushindi mtu anayevunja gari lake siku ya kwanza. Kama kijana anaitaka Safari iwe shahidi wake, aichukue nzima, pamoja na magari ya huduma.

FUNDI: Niongeze na esansi. Injini hii inabana mchanganyiko mara 11.5. Japani wanainywesha esansi ya daraja la juu. Hapa patro anajaza kwa kadafi, muuza esansi wa kando ya barabara, bidoni ya njano, nani anajua imechanganywa nini? Injini ikipewa esansi dhaifu inagonga, kisikilizio chake kinasikia, kompyuta inarudisha moto nyuma kuiokoa. Kwa hiyo zile farasi 210 patro amezilipia lakini hazipati. Na hata angezipata, zinakaa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwenda Mbau utafika wapi na mizunguko 7,600?

MWENYE GARI: Sizihitaji zote. Nahitaji gari linalonijibu.

FUNDI: Basi nunua kwa kadafi mmoja unayemjua, chuja kwa kitambaa, badilisha filta mapema. Ukisikia mlio kama punje za mahindi zinarukaruka ndani ya kopo wakati wa kupanda mlima, toa mguu.

DEREVA: Kuna jambo hamlisemi. Usukani wake uko kulia, sawa na wangu, na sisi Kongo tunapita kulia. Nikiwa nyuma ya lori sioni kinachokuja, mpaka nitoe gari lote nje. Mimi sitoki, kwa sababu Probox haina nguvu ya kunishawishi. Yeye analo gari linalomwambia, pita, tutawahi. Tena taa. Hizi taa za Japani zimechongwa zimulike ukingo wa kushoto. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Unampofusha.

FUNDI: Taa zake nimezishusha. Zako bado, na nimekwambia mara ngapi?

Hoja ya kushawishiwa ndiyo niliyoiona nzito kuliko zote za dereva, na hakuna kipuri kinachoijibu. Gari linaweza kurekebishwa kila kitu, mkono unaolishika ukabaki na haraka yake. Hapo namtaka mwenye gari ajipime mwenyewe. Binafsi sijawahi kuona njia nyingine ila kukata shauri kabla ya kuondoka: nyuma ya lori nabaki nyuma ya lori, hata nikimeza vumbi mpaka Beni.

Nikiulizwa sasa, nasema litunzwe. Sisemi hivyo kwa kumhurumia kijana. Pesa anayoitia kwenye gari hili inakwenda kwa fundi wa Oicha na mama wa Butembo, nao wanajua kazi yao. Gari lililofunguliwa, likapimwa, likajulikana kila mpira wake, ni salama kuliko Probox iliyonunuliwa jana ambayo hakuna aliyechungulia ndani yake. Lakini kijana naye akubali mpangilio wa fedha: bei ya kakao ikipanda, kama ilivyopanda mwaka 2024 ilipovuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, ya kwanza kununuliwa ni mipira ya maji na maji ya freni, na pambo lingoje. Bei ikishuka, gari lilale uwani, apande teksi ya dereva huyu. Na siku kompyuta itakapokufa na mama akirudi mikono mitupu kutoka Kampala, aliuze kwa piesi, mwenye AS200 au RS200 nyingine apate pa kuponea.

Dereva hakukubali.

DEREVA: Yote umeyasema kana kwamba anakwenda peke yake. Yeye anabeba watu. Nimemwona. Mtu akipanda teksi yangu amechagua, ameliangalia gari, ameniangalia mimi. Anayepewa nafasi njiani hachagui.

MWENYE GARI: Nikimkuta mama na mtoto wake pale Mbau saa kumi, jua linashuka, teksi zimekwisha, nami nina nafasi tatu nyuma, nimwache?

DEREVA: Usimwache. Lakini ukishasimama ili apande, hakikisha gari litaondoka tena. Alternata yako inachaji ngapi?

MWENYE GARI: Sijui.

FUNDI: Lete gari kesho asubuhi kabla hujaenda kununua kakao. Injini ikiwa inazunguka nataka nione kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri. Ikipungua, nafungua, natazama kaboni zake. Mama, usifunge safari ya Kampala kabla sijakupigia.

MAMA: Nangoja simu yako. Na wewe wa Probox, nikuletee termostati?

DEREVA: Leta mbili. Ya pili ni ya mwenzangu.